Kungwi na Miche ya Kampuni

Kungwi hakupenda mtu amuulize jambo moja mara mbili. Mara ya kwanza alikujibu vizuri, kwa upole, na mfano akakutolea. Ukirudia, alikutazama kuanzia utosini mpaka unyayoni, kisha akaendelea na kazi yake kana kwamba hapajasemwa kitu. Sisi tuliochezwa naye tulijifunza kusikiliza kwa njia hiyo. Mpaka leo mtu akisema na mimi namsikiliza hadi mwisho, na wajukuu zangu wanadhani ni adabu. Adabu wapi! Ni woga wa yule mama, haujanitoka.

Jina lake watu wa kwetu wanalijua, na wasiokuwa wa kwetu halitawasaidia kitu. Hata sisi hatukumwita kwa jina. Alikuwa Kungwi, basi, mwenye kuwafunda wasichana waliovunja ungo, kuwaweka ndani, kuwatoa nje na kuwakabidhi kwa waume zao. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Kisarawe na Mlandizi, na wanawake wengi wa umri wangu pale walipita mikononi mwake.

Alikuwa mfupi, mikono minene, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Shambani alivaa kaniki, nyumbani kanga, na popote alipokuwa, kikopo cha ugoro kilikuwa kwenye pindo. Akipiga chafya alisema Alhamdulillahi, halafu akacheka peke yake. Swala sikumwona akiiacha, na matusi ya unyagoni hakuyaacha pia. Mwalimu wa chuo, mtu mpole aliyewasomesha watoto Kurani, alimwendea siku moja akamwambia achague moja. Kungwi akamjibu kwa heshima zote kwamba binti yake yeye mwalimu ndiye anayefuata kuingia ndani, sasa je, amfunde kwa aya au kwa nyimbo? Mwalimu hakurudi tena kwenye maneno yale, na binti alifundwa kwa nyimbo.

Mali yake ilikuwa bonde. Lilianza chini ya nyumba yake likashuka mpaka kwenye matete, na lilikuwa na unyevu hata miezi ya jua kali. Mpunga wake ulikuwa mrefu, na kwenye mchanga wa katikati ukichimba kidogo tu unapata maji ya kunywa. Nani alilifyeka kwanza katika watu wake sijui, na sikuuliza. Najua tu kwamba kila mwaka nusu ya kijiji ilikuwa inalima mle kwa ruhusa yake, na malipo yake yalikuwa pishi ya mchele mpya ukitaka kumpa, na usipompa alikuwa hakudai. Ila alikuwa anakukumbuka.

Nilipokuwa mwali ndani ya nyumba yake alinifundisha mambo ya unyumba, na hayo sitayasema hapa. Lakini alinifundisha ya ardhi vilevile, maana alisema mwanamke asiyejua ya ardhi atafukuzwa na mume, na ndugu, na kila mwenye mdomo. Ukiomba shamba kwa mtu, alisema, lima mpunga, lima ufuta, lima mtama, uvune uondoke. Mti usipande. Mti una mwenyewe, na aliyeupanda ni wake hata kama umesimama kwenye uwanja wa mwingine. Ukiacha mtu apande mti kwako umempa bonde, na kesho utamwomba yeye njia ya kupita. Na mti wa mtu haukatwi. Ukikata mnazi wa mtu, hata wa adui yako, hakuna atakayekaa na wewe kula.

Jambo moja tu halikuhesabiwa, nalo ni miche. Watu wa juu kwenye mchanga mkavu walikuwa wanaleta nazi zao bondeni ziote. Kila mtu alizilaza zake pembeni, akazifunika makuti, na mvua zikianza anakuja kuchukua miche yake akaipande kwake. Kungwi alikuwa anazimwagilia zote, zake na za watu, na hakuna aliyewahi kuzidisha wala kupunguza. "Mche si mti," alituambia. "Mche unapita." Tulilikariri hilo pamoja na mengine, na sikudhani kama kuna siku mtu atalikumbuka kwa uchungu.

Mpira tuliukuta. Wazee walisema ulipandwa zamani za Mjerumani, ukagemwa miaka michache, kisha bei ikaanguka na wenyewe wakaondoka, na baada ya vita vile vya kwanza hakuna aliyeugusa. Ulikuwa pori upande wa machweo, miti mirefu yenye majani kama ya muhogo. Nguruwe walijificha humo mchana na jioni wakatoka kula mihogo yetu. Watu waliulaani. Kungwi hakuulaani, aliupika. Kisamvu cha mpira, ukijua kukitwanga na kukichemsha mpaka kiive, ukakitia tui la nazi na karanga, ni chakula, na yeye alijua. Alikuwa anasema Mjerumani alihangaika bure kutafuta utomvu, mboga alikuwa nayo mkononi.

Halafu vikaja vita vya pili. Tukasikia Waingereza wanautaka mpira kwa magurudumu, kwamba ule wa mashariki ya mbali umetekwa, na kampuni moja ikaja kufungua lile pori. Kwanza wakasafisha miti ya zamani. Hapo hakuna aliyesema kitu. Afadhali, tukasema, nguruwe watahama. Kisha wakataka vijana wetu wakageme, na jumbe, yaani mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwatoa, hata wakati wa palizi. Kisha wakaanza kupanda mpya. Mpaka wa shamba lao ukawa unasogea kila msimu, na kila uliposogea ulikuta kitu cha mtu: mikorosho ya huyu, mihogo ya yule, kaburi la mtu fulani. Kisima chao cha kuoshea mpira walikichimba juu ya mkondo wetu, na yale maji meupe yenye kunuka yakawa yanashuka.

Mkole nao ulikwenda. Huo ndio mti ambao chini yake kwetu mwali anatolewa na kuchezwa, na wetu ulikuwa kwenye njia waliyoitaka. Wanawake walilia. Mimi nilidhani Kungwi atajitupa chini. Wapi! Alikwenda akatazama kisiki, akatema ugoro, akatafuta mkole mwingine karibu na njia ya Mlandizi, mwembamba, wa hovyo, na msimu ule akamcheza mwali pale pale magari yakipita. Mkole ni mkole, alisema. Lakini nyumbani alikaa siku kadhaa bila kuimba, na kilichomkasirisha alikisema wazi: wamekata mti wa watu bila kuuliza. Alisema mtu wa namna hiyo hakufundwa.

Sasa nije kwa nyapara, msimamizi wa wafanyakazi wa kampuni. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mnyenyekevu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekesha. Alikuja kwa Kungwi asubuhi moja, nami nilikuwepo napeta mchele. Akasimama mbali, akatoa shikamoo, akaitikiwa, akakaribishwa mkeka akakaa kwenye kinu. Shida yake ilikuwa mbegu. Meneja wao Mzungu alitaka kitalu, na juu kwenye mchanga kila walichoatika kilikauka. Aliomba sehemu ya bonde, karibu na maji, mpaka mvua kubwa. Mvua zikianza wataing'oa miche waihamishie shambani kwao.

Kungwi alimuuliza mara moja tu kama itahamishwa. Akajibu itahamishwa. Basi akampa, na akampa mahali pazuri, pale pa mpunga wake mwenyewe, kwa kuwa mpunga ulikuwa umeshavunwa. Mumewe alikuwa hai bado, akamwambia hawa si watu wa kuazima kitu. Kungwi akamjibu kwamba kila mtu ananyweshea miche yake pale, na mgeni aliyekuja na shikamoo hawezi kukataliwa kile wasichokataliwa wengine. Miche ile ilipoota akawa anaimwagilia vibarua wakichelewa. Nilimwona kwa macho yangu, ameinama na kata, anamwagilia mpira.

Mvua zikaja. Vibarua wakang'oa mche mmoja wakaacha mmoja, wakang'oa mmoja wakaacha mmoja, mpaka mwisho wa bonde, na ile iliyobaki ilikuwa imesimama kwa mistari, imeachana nafasi ya mti mzima. Nadhani hata mtoto angeelewa. Kungwi alisimama juu ya tuta akatazama mistari ile, na nilimwona akiweka mkono kwenye kiuno kama mtu aliyechomwa na kichomi.

Nyapara alikuja jioni ile ile, hakukaa. Aliapa kwamba aliambiwa itahamishwa yote. Kungwi alimwamini, na akampa maji ya kunywa. Watu walimlaumu kwa maji yale kuliko walivyomlaumu kwa bonde. Mimi pia nilimwamini yule mtu. 

Jumbe akaitisha baraza kwenye uwanja wake. Meneja akaja, akakaa kwenye kiti, na nyapara akasimama kumfasiria. Tulikuwa wengi, na kila mtu alikuwa na lake la kusema, ila meneja alitaka kusema na mwenye bonde tu. Akauliza swali moja, nyapara akalileta kwa sauti ndogo: "Bibi, anauliza, miti ile iliyosimama bondeni ni ya nani?"

 Mume wake alikuwa anamkonyeza. Jumbe mwenyewe, ambaye hakuwa shujaa, alikuwa anatikisa kichwa pole pole ili Kungwi amwone.

"Yenu," Kungwi alisema.

Meneja akainuka akavaa kofia yake. Shauri likawa limekwisha, sisi tukabaki tunatazamana.

Jumbe alitufuata njiani, akamfokea. Kwa nini hakusema ni yake, ameimwagilia mwenyewe, watu wote wameona? Kungwi akasema hajawahi kupanda mpira. Kwa nini basi hakusema habari ya bonde? "Aliniuliza miti," akasema, "hakuniuliza bonde. Nilikuwa nangoja aniulize bonde." Nililia njia nzima, na sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani.

Vijana hawakuikubali hali ile. Ijumaa moja walipotoka msikitini walikwenda na mapanga moja kwa moja bondeni. Miche ilikuwa imefika kiunoni, kazi ya dakika chache tu. Walimkuta Kungwi kwenye dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia ndege, ingawa hapakuwa na mpunga wa kulinda. Alishuka. Hakupiga kelele. Aliwaambia kwamba aliyeupanda mti ule ni mbaya, lakini mti una mwenyewe, na atakayeukata amewafuata kampuni, amefanya walichofanya kwenye mkole. Mmoja wao akamwambia, mama, hawa hawaijui sheria hiyo, unaishika peke yako. Akajibu kwamba kama wote wataiacha, kesho mtu akigombana na jirani yake atamkata minazi, na keshokutwa hapatakuwa na kijiji cha kupigania. Wale vijana walisimama, wakanong'ona, wakarudi na mapanga yao safi.

Sasa hapo ndipo watu wanapogawanyika wakisema habari zake, na hata mimi siku zingine nagawanyika peke yangu. Wapo wanaosema aliliuza bonde kwa kiburi cha kushika sheria. Wapo wanaosema kama wangekata, askari wangekuja, na vijana wale wangeishia jela. Mimi nasema alikuwa kama tulivyomjua. Alikuwa hawezi kufundisha kitu halafu akakivunja mbele ya aliowafundisha. Hilo lilitugharimu, na yeye lilimgharimu kwanza.

Maana mpira ukikua hautaki mwenzake. Mwaka wa kwanza tulichomeka mpunga katikati ya mistari, tukapata makapi. Mwaka wa pili kivuli kikafunga. Visima vya mchanga vilikauka. Tulichimba mpaka mtu akazama kiunoni, ndipo tope likaonekana. Wanawake tukawa tunafuata maji mbali, na Kungwi alikuwa katikati yetu na mtungi wake, anaimba matusi ili tusihesabu njia. Waliokuwa wanakula mchele wakala bada, ule ugali wa muhogo, mpaka wakaichoka. Wengine wakahamia upande wa Gwata kwa ndugu. Na wale nguruwe tuliodhani watahama walirudi kwenye mpira mpya, wengi zaidi.

Mgambo wa kampuni waliwakamata wanawake wakichuma majani ya mpira. Kungwi hakukamatwa, maana alikuwa anakwenda kwa nyapara kuomba. Mimi lilinichoma hilo, kumwona anaomba kisamvu kwenye bonde lake. Nilimwambia. Akasema majani yana mwenyewe. Halafu akanikaribisha, na kile kisamvu kilikuwa kitamu, siwezi kusema uongo.

Binti wa nyapara alipovunja ungo, mama yake alikuwa mbali huko bara, na kwao wala hawana mila hizi. Nyapara alikuja tena na shikamoo yake. Kungwi alimfunda yule binti ndani ya nyumba yake, akamtoa, akamcheza chini ya mkole ule mwembamba wa njiani, na sisi wote tukaitwa. Wengine hawakuja. Mimi nilikwenda, kwa sababu akikuita hakuiti mara mbili.

Niliolewa Magindu. Mume wangu alikuwa mfugaji wa mbuzi, mtu mzuri, akafariki, na ndugu zake wakawa si wazuri kama yeye. Nikarudi kwetu. Nilipanda gari moshi, nikateremka, nikatembea na mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Vita vilikuwa vimekwisha zamani. Niliambiwa njiani kwamba kampuni ilikuwa imeondoka, mpira wa mashariki ulikuwa umerudi sokoni na wetu haukutakiwa tena. Walichukua mashine wakaacha miti. Nyapara hakwenda na kampuni, alibaki kijijini analima.

Baba alikuwa amenipa kiwanja juu, penye mchanga mkavu. Nilitaka minazi, maana mjane mwenye minazi hapigi magoti kwa mtu. Nikatafuta nazi nzuri za mbegu, nikazitia kwenye kapu, nikateremka kwa Kungwi.

Alikuwa amezeeka. Mikono ile minene ilikuwa imelegea, lakini sauti ilikuwa yake. Mumewe alikuwa ameshazikwa. Nilimkuta bondeni, amekaa kwenye gogo la mpira lililoanguka. Miti mingi ilikuwa imekauka, mingine imelala. Hakuna hata mmoja aliokuwa ameukata. Alikuwa anangoja uanguke wenyewe, na pale ulipoanguka analima mpunga, vipande vidogo vidogo vya kijani katikati ya vigogo.

"Shikamoo, Kungwi."

"Marahaba, mwali wangu. Umekuja kuniona au umekuja kuomba?"

Nikasema vyote viwili. Akacheka, akanipigisha hodi ya kifua, kifua kwa kifua, kama tulivyokuwa tunafanya. Nikaomba kipande cha mpunga. Akanionyesha hapo hapo, kutoka kwenye kisiki mpaka kwenye dungu, nilime nile na mwanangu. Mti usipande, akasema, na nikasema najua.

Kisha nikaweka kapu chini. Nikamwambia nazi zangu nitazilaza pale pembeni, kama zamani, na mvua zikianza nitazichukua. Nilisema hivyo nikiwa nimeshainama natafuta makuti. Sikuwa naomba hata, nilikuwa natoa habari.

"Zitoe," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikageuka. Alikuwa anazitazama zile nazi. Mbili zilikuwa zimeanza kutoa ncha.

"Kungwi, ni mimi," nikasema. "Na hizi ni nazi tu. Mche si mti. Si wewe uliyenifundisha?"

"Ni mimi. Nilikosea."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningevumilia. Machozi yalinitoka mbele ya mwanangu, mtu mzima mimi. Nilikulia ndani ya nyumba ya yule mama, alinijua mwili mzima, na alikuwa ananiogopa kwa kapu la nazi. Nikataka kumwambia kwamba mimi si kampuni. Lakini hilo ningekuwa namwambia jambo analolijua.

Aliinuka kwa shida, akashika kapu langu yeye mwenyewe, akakataa nimsaidie. Akapanda nalo mpaka uani kwake, pale maji ya kuogea yanapotiririka, akazilaza nazi moja moja kando ya ukuta na kuzifunika. Hapa, alisema, ataziona kila akitoka. Kisha akanipakulia kisamvu, tukala, tukaongea habari za Magindu, na habari ya nazi hakuna aliyeigusa tena. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, kapu nikaliacha kwake.

Nililima kile kipande. Kila nikipita uani kwake niliona makuti yamelowa; alikuwa anazimwagilia. Sikuuliza.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilikuwa nawasha moto, nikisema nikimaliza uji nitateremka kuchukua miche yangu, mara nikasikia hodi. Kungwi alikuwa mlangoni, kaniki imemlowa, ana kapu langu kichwani. Alikuwa amepanda kile kilima chote, na uzee ule, kwenye utelezi. Miche ilikuwa imechomoza juu ya kapu, kijani, yote imeota.

Nikamtua. Nikamwambia angeningoja, nilikuwa nakuja. Nikamkaribisha uji.

"Chukua miti yako," alisema.

Akakataa kuingia. Alihesabu kwa macho nikiitoa yote kapuni, akalichukua kapu likiwa tupu, akaligeuza akaligonga chini mpaka udongo ukatoka wote, akanipa. Kisha akashuka kilima pole pole, akishika mikorosho ya baba asiteleze.